Bwana Wadau: Miaka Thelathini na Mmoja ya Kuita Watu Kinamasini

Hodi kwanza. Siwezi kuanza kumsema mtu kabla sijawasalimu wa nyumbani kwake. Namsalimu mke wa Bwana Wadau, dada yangu wa kujichagulia. Natumaini mguu umeacha kuvimba, na ule mto niliomshonea anauegemea, hajauweka kabatini kungojea wageni. Namsalimu binti yao mkubwa, mwalimu, pamoja na mume wake, na wale pacha ambao nasikia wameanza kutembea na sasa hakuna kitu kinachodumu mezani. Namsalimu kijana wao wa katikati, fundi umeme, ambaye taa ya barazani kwa wazazi wake bado inawaka ikijisikia. Namsalimu mdogo wao wa mwisho, aliyeapa hatafanya kazi ya ofisi na leo yuko ofisini amevaa tai. Mama mkwe, shikamoo mama, najua unasikia vizuri unapotaka. Shangazi uliyekuja kukaa wiki mbili mwaka juzi, nakusalimu hapo hapo ulipo. Kwangu sote wazima. Mume wangu kikohozi kimepungua, wadogo wanakula, ila binti yangu mkubwa usingizi umemkimbia, leo siku ya tisa, na sababu yake imo humu humu kwenye karatasi hii.

Sasa nianze. Bwana Wadau anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini ya mwezi wa sita, akiwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika kituo chetu cha utafiti wa kinamasi. Mimi nimepika chai na kufagia hapo hapo miaka ishirini na saba. Wasifu huu aliombwa kwanza Daktari wetu, ambaye hatibu watu, yeye anasoma mimea. Daktari aliandika kurasa nne nzuri sana. Bwana Wadau akazisoma zote kwa utulivu, akazikunja, akauliza kwa heshima ni nani aliyefariki. Ndipo mkuu wa kituo akaniita jikoni akasema, "Mama, andika wewe. Andika ulichokiona." Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini macho yangu hayajastaafu.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu, niieleze kama ninavyoielewa. Mvua siku hizi haziji kama zamani, zikichelewa zinachelewa, zikija zinakuja kwa hasira. Kituo chetu kinatafiti mahali gani pa kinamasi pataumia kwanza tabianchi ikibadilika: ni kwenye chemchemi, kwenye malisho, kwenye matete au kwenye vidimbwi vya samaki. Wataalamu wana vyombo vyao vya kupimia. Kazi ya Bwana Wadau ilikuwa kuhakikisha wanaulizwa pia wale wanaokanyaga matope kila siku, yaani wafugaji, wakulima wa mboga, wafyatua matofali, wasuka mikeka na watu wa samaki. Hayo ndiyo makundi matano, hao ndio wadau.

Niseme mapema kilichonikaa rohoni. Jumanne ijayo, siku nne baada ya sherehe hii, kuna mkutano mkubwa wa kuamua kinamasi kitunzwe vipi miaka kumi. Makao makuu yamependekeza kizungushiwe uzio miaka mitano, mtu asiingie, ili kipumue. Makundi matano yana haki ya kulikataa au kulirekebisha pendekezo hilo, mradi yafike yote matano. Yasipofika, linapita kama lilivyo, na watu watakuta uzio umesimama mbele ya maji yao. Na safari hii anayewaita watu, kwa mara ya kwanza, ni binti yangu, aliyefundishwa na Bwana Wadau miaka mitatu. Basi, sasa mnajua kwa nini mtoto halali. Na yeye akikosa usingizi, mimi nalala na jicho moja.

Turudi kwa mwenye siku yake. Hakuajiriwa kuita watu. Aliajiriwa kusoma kipimo cha mvua. Kila siku saa tatu asubuhi alikwenda na daftari kwenye kile chombo kilichosimama uani, akainama, akaandika. Kazi ya mtu mmoja na bomba moja. Lakini njiani alipita kwa mwanamke mmoja mfyatua matofali, ambaye sisi sote tunamwita Bibi Matofali, na alianza kuona jambo. Siku Bibi Matofali akiyafunika matofali yake mabichi asubuhi, mchana mvua inanyesha. Siku akiyaacha wazi, hata mawingu yawe meusi namna gani, hakuna kitu. Bwana Wadau akagawa ukurasa wa daftari mara mbili. Kushoto akaandika kipimo kilisema nini, kulia akaandika Bibi Matofali alifanya nini.

Siku alipokuja mkaguzi, alilitazama lile daftari kwa muda mrefu. Akauliza huu upande wa kulia ni chombo cha aina gani. Bwana Wadau akamjibu kwamba ni chombo cha zamani, hakitumii betri, kina kelele kidogo, na kikiudhiwa hakitoi takwimu siku mbili. Mkaguzi akataka kukiona. Akapelekwa. Alirudi na matope mpaka magotini, na barua ya kumpandisha Bwana Wadau kuwa afisa wa kushirikisha wadau ilikuja mwezi uliofuata.

Jina lenyewe tulimpa sisi wa jikoni. Alikuwa hamalizi sentensi bila kulitaja neno hilo. Mkewe amenihadithia kwamba mwaka mmoja paa la nyumba yao lilianza kuvuja chumbani. Mume mwingine angepanda ngazi. Huyu aliitisha kikao. Akamwita mke, watoto watatu, mama mkwe, na jirani ambaye maji ya paa humwagikia upande wake. Kila mmoja akaombwa aeleze anavyoathirika. Mama mkwe alieleza kwa dakika arobaini. Walipofika kwenye mapendekezo mvua ikaanza, na wadau wote wakahamia jikoni wakiwa wamebeba magodoro. Lakini mkewe anasema, na mimi namwamini, kwamba ni katika kikao hicho jirani alikubali bomba la maji lipite kwake, jambo lililowafanya wanuniane miaka sita.

Alikuwa na mtindo wake ambao haukuandikwa popote. Mkutano wake hauanzii ukumbini, unaanzia kinamasini. Watu wote watembee kwanza saa mbili, awe profesa, awe mchungaji wa mbuzi, kisha ndiyo waje kukaa. Na wakija kukaa, yeye ndiye anaonyesha kiti. Anakukalisha na yule mliyegombana naye. Mfugaji anawekwa na mwenye shamba la mboga ambaye ng'ombe walilipitia wiki jana. Mara ya kwanza nilidhani amekosea, nikamnong'oneza, "Kaka, hao wawili hawasalimiani." Akaninong'oneza na yeye, "Ndiyo maana, Mama. Wakikaa mbali watapiga kelele. Wakikaa karibu itabidi waongee." Nikaondoa birika la chai ya moto katikati yao kwa tahadhari, nikakaa mlangoni nikiomba Mungu. Kweli, waliongea. Mmoja wao alimsogezea mwenzake sukari.

Mtaalamu kwake anasema mwisho. Hilo lilimuuma Daktari alipokuja mara ya kwanza, kijana bado, amevaa viatu vyeusi vinavyong'aa mpaka unaona dari. Nilimwambia, "Mwanangu, mabuti ya mpira yapo nyuma ya mlango." Akasema asante, njia anaiona. Hatua ya kumi na moja akazama mguu mmoja. Alipouvuta, mguu ulikuja, kiatu kikabaki. Wafugaji wanne na msuka mikeka mmoja walikitafuta nusu saa, na katika kutafuta huko wakambishia kuhusu kina cha matope, kwamba miaka mitano nyuma hapo mtu alizama mpaka kiunoni na sasa ni gotini tu. Daktari alikuwa ametuma maombi ya chombo cha kupima jambo hilo hilo. Kiatu hakikupatikana, ila kipimo alikipata.

Lakini la kukumbukwa kuliko yote ni la ramani. Makao makuu walileta picha ya kinamasi iliyopigwa na setilaiti, kubwa kama shuka. Wataalamu walikuwa wameitia alama. Penye rangi nyekundu ardhi imekufa, penye kijani kibichi pazima. Palikuwa na doa jekundu upande wa mashariki lililowatia hofu sana. Miezi miwili walikuwa wakiandikiana barua juu ya doa hilo. Bwana Wadau akasema kabla barua haijaenda kwa wakubwa, picha ibandikwe ukutani na watu waitwe.

Bibi Matofali akavaa miwani. Akasogea, akanyoosha kidole.

"Hapa palipokufa ni kwangu. Hayo ni matofali yangu yanakauka. Sasa nielezeni, nani kaniua?"

Watu wakaangua kicheko mpaka paa la bati likaitika. Daktari hakucheka. Kabla hajajibu, muuza samaki mmoja, mwanamke mpole ambaye hakuwahi kusema kitu mikutano mitatu, akasimama.

"Na hapo mnapopasifia kijani, ni magugu maji. Chini yake samaki hawapumui. Huu mwaka wa tatu tunatoka na nyavu tupu, na nyinyi mmetupaka rangi nzuri."

Pazima palikuwa pamekufa, na palipokufa palikuwa na mtu anafanya kazi yake. Daktari nampa sifa yake: kesho yake alipanda mtumbwi wa yule mama, akatia mkono chini ya yale magugu, akarudi, akaifuta ramani mwenyewe. Kuanzia hapo wasuka mikeka na wafugaji wakapangiana siku za kung'oa magugu, na vidimbwi viwili kati ya vitano vimeanza kutoa samaki tena. Ndiyo maana uzio unanitisha. Watu wakizuiwa kuingia, magugu atayang'oa nani? Setilaiti haina mikono.

Na siwezi kuwaacha kuku. Mwaka uliofuata Bwana Wadau alichora kinamasi chote uani kwa majivu, akampa kila mtu punje kumi za mahindi aziweke mahali anapoona pataumia kwanza. Watu wakaweka kwa makini, wakabishana, wakasogeza. Mimi, Mungu anisamehe, nikatangaza chai. Wadau wakageukia chai, kuku wa mlinzi wakageukia kinamasi. Tuliporudi chemchemi ilikuwa imeliwa yote, malisho nusu, na jogoo amesimama kwenye vidimbwi vya samaki kama mwenyekiti. Mtaalamu mmoja mgeni alishauri zihesabiwe punje zilizobaki. Bwana Wadau akasema kuna kundi hatukulialika, nalo limeshatoa maoni, kwa hiyo turudie kwa vijiwe. Mara ya pili watu waliweka tofauti, maana wakati wa chai walikuwa wamesikilizana. Aliyaandika yote kwenye ripoti, kuku wakiwemo. Makao makuu wakarudisha barua kuuliza hao waliojitokeza bila mwaliko, wanawake walikuwa wangapi. Akajibu kwa uaminifu kwamba wote, isipokuwa mmoja.

Msije mkadhani ni malaika. Ripoti zake zinachelewa kuliko mvua. Miwani yake nimeitoa mara nne kwenye kopo la majani ya chai. Sweta nimemwambia avae asubuhi za baridi miaka ishirini na saba, na miaka ishirini na saba amesema atavaa. Akianza kueleza jambo kwa ufupi, mimi huweka maji mengine jikoni. Lakini hajawahi kumkatiza mtu akizungumza, hata mlevi, hata mkuu wa kituo, na hao wawili mara moja walizungumza kwa pamoja.

Sasa niseme la wiki hii. Binti yangu alianza kuwaita watu mapema. Wasuka mikeka wakakubali, wakulima wa mboga wakakubali. Wafugaji wakasema, "Binti, wewe hatuna neno na wewe. Lakini mwenyewe hajatuita." Wafyatua matofali hivyo hivyo. Watu wa samaki wakasema watafikiria, na sisi tunajua kufikiria huko maana yake nini. Makundi matatu! Nikaona uzio mbele ya macho yangu. Jumatano nikaenda nyumbani kwa Bwana Wadau bila kumwambia mtoto. Nikamkuta barazani, nikamwambia, "Kaka, piga simu tatu tu. Simu tatu za dakika moja moja."

Akakataa. Alinikaribisha kiti, akanisikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza watu wote, na akakataa.

"Mama, nikiwaita mimi, watakuja kwangu. Mwakani watakuja kwa nani?"

Nilikasirika, sifichi. Niliondoka bila kumaliza chai, na mwenzenu sijawahi kuacha chai ya mtu. Njia nzima nilisema peke yangu mpaka mbwa wa watu wakanipisha. Nilipofika nyumbani nikamweleza binti yangu, nikitegemea atalia na mimi nipate wa kulia naye. Mtoto hakulia. Akauliza, "Mama, umemkuta barazani anafanya nini?"

Nikamwambia alikuwa anaosha jembe.

Akauliza jembe la nini. Nikamwambia la bustani yake, si ana matuta kumi na mawili ya mchicha na nyanya pale ukingoni mwa kinamasi tangu mwaka jana, anamwagilia kwa maji ya mfereji. Mtoto akasimama. Akafungua orodha ya wakulima wa mboga, akaandika chini kabisa: mkulima wa arobaini na moja. Kesho yake akampelekea barua ya mwaliko kama ya mtu mwingine yeyote, ya kuitwa, si ya kuita. Kisha akaenda kwa mwenyekiti wa wafugaji kumwonyesha orodha kamili ya wakulima, maana ni haki ya kila kundi kujua kundi jingine litaleta nani.

Mwenyekiti akaisoma mpaka chini. Akaisoma tena.

"Huyu naye anakuja? Kudai maji ya mboga?"

"Ameitwa. Ni mkulima, ana haki."

"Binti, wewe humjui huyu mtu. Ataongea taratibu, atatabasamu, na tukija kushtuka mfereji wote umeelekea kwenye nyanya zake. Wafugaji tunakuja wote. Tena tunakuja mapema."

Habari ilifika kwa wafyatua matofali kabla ya binti yangu. Bibi Matofali ametuma ujumbe kwamba yule bwana alikaa kwenye matofali yake miaka thelathini akiandika kila anachofanya, siri zake zote anazijua, na hawezi kumwachia ukumbi peke yake. Atakuja na dada zake. Watu wa samaki nao wameacha kufikiria. Jana jioni binti yangu alihesabu waliothibitisha, makundi yote matano, watu mia moja na kumi na wawili. Nilimpikia uji, akaunywa wote, lakini kulala bado, kwa sababu ya jina moja ambalo halijajibu.

Kwa niaba ya wa jikoni, wa maabara, wa getini na wa ofisi ya mkuu, asante Bwana Wadau. Asante kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kujua. Asante kwa mwanangu, maana ulimpa kazi yako na ukaiacha mikononi mwake hata mimi nilipokuomba uichukue tena. Niliondoka kwako na hasira, leo nimekuelewa. Tunakuombea mapumziko yenye afya, mgongo usiokusumbua, nyanya zisizooza na wajukuu wasiopanda juu ya meza. Mke wako mpe muda, hajazoea kukuona mchana.

Na sasa sikia, kaka yangu. Karatasi hii unaisoma umekaa mstari wa mbele, na hotuba zimebaki tano. Usisubiri ziishe. Mwambie aliyekaa karibu nawe kama Jumanne unakuja au huji, naye amwambie wa nyuma yake, neno lipite mdomo kwa mdomo mpaka lifike mlangoni, nimesimama hapo na birika. Watu mia moja na kumi na wawili wanakuja kubishana na wewe. Jibu haraka, mtoto apate kulala.